Drocella Huonja Kwanza

Basi lilikuwa limetoka msituni. Kwa muda mrefu Nyungwe iliwafunga abiria katika ukungu na kona, na watu wawili wa kiti cha nyuma walikuwa wamekwisha kutapika. Sasa barabara ilifunguka juu ya mashamba ya chai ya Gisakura, na mgeni aliyekaa dirishani akashtushwa na ule ukijani, akaanza kuuliza maswali. Alijaribu Kifaransa, akajaribu maneno machache ya Kinyarwanda, akatia na Kilingala cha muziki. Mwishowe akaangukia Kiswahili, nacho kikatoka kimenyooka mno.

Mwanamke aliyekaa kando yake, Drocella Mukandekezi, alimtazama, akacheka.

"Papa, Kiswahili yako imefunga tai," alimwambia. "Unaenda nayo mahakamani?"

Mgeni naye akacheka, akasema hajui anakokwenda. Huku hajawahi kufika. Drocella akamwambia hilo linaonekana, maana ameshika begi lake kama muntu anayefukuzwa. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amekumbatia kikapu kitupu mapajani tangu Kigali, na simu yake hakuitoa mkononi hata basi lilipoinama kwenye kona.

Walipofika njia panda ya Ntendezi, wachuuzi walikimbilia madirisha wakiwa na mahindi ya kuchoma. Mgeni alinunua mawili, akampa Drocella moja. Drocella alishukuru, akalilaza juu ya kikapu, akangoja. Mgeni akang'ata la kwake. Drocella akaendelea kungoja.

"Hupendi?" mgeni aliuliza.

"Ninapenda sana. Onja kwanza."

"Si naonja?"

"Unaonja yako. Onja yangu."

Mgeni akabandua punje chache kwenye hindi la Drocella, akatafuna. Drocella alimtazama mpaka akameza, kisha akala kwa njaa ya kweli, punje zikimrukia kifuani.

"Usikasirike," alisema akiwa na mahindi mdomoni. "Siyo kwamba nakuona muuaji. Huku kwetu anayetoa ndiye anayeanza. Ukileta pombe, uji, hata maji, wewe unaonja, wanaona umemeza, ndipo wanapokea. Ng'ambo, Bukavu ya Kongo, ni hivyo hivyo na zaidi. Kule iko na jina lake, karuho. Sumu. Muntu akiugua tumbo tu, wanauliza jana alikula kwa nani."

"Na asiyeonja?"

"Asiyeonja anarudi na kikapu chake." Akaangalia simu, uso ukambadilika. "Kuna mzee mmoja ng'ambo, mama wa watu. Yeye halagi kitu mpaka mimi nionje. Mimi, siyo mwingine. Na daraja la mpakani limefungwa tangu nilipokuwa Kigali kwenye ndoa ya mtoto wa dada yangu, na simu yake haiiti."

Ziwa likatokea chini ya vilima, lenye visiwa na ghuba nyingi. Mgeni hakuuliza jina lake. Aliuliza ilikuwaje mtu mmoja akawa kinywa cha mwingine. Na kwa kuwa Kamembe ilikuwa bado mbali, Drocella akamweleza.

Alizaliwa Bukavu, mtaa wa Kadutu, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia kule kabla yeye hajafikiriwa. Alikua akijua kwamba kwao ni ng'ambo, kwenye vilima anavyoviona akianika nguo. Mwaka 1996 vita vilipoanza kule, akiwa msichana tayari, wakateremka na kuvuka mto Rusizi kwa miguu kwenda kwao ambako hawajawahi kulala. Mama yake alibeba kikapu kimoja cha kusuka, chenye kifuniko kirefu kama kofia. Vitu vingine viliachwa njiani kimoja kimoja, kadiri mabega yalivyochoka.

Kurudi nyumbani hakukuwa kama wimbo. Kinyarwanda chake kilikuwa na vumbi la Kadutu, na wenzake walimwita Mkongomani kama vile kule walivyomwita Mnyarwanda. Baba alikuwa amebaki njiani bila kaburi. Mwaka wa pili mama akaugua. Drocella alikuwa na kazi ya kuuza sambaza, wale vidagaa wa Ziwa Kivu, katika soko la Kamembe, na siku mama yake alipokata roho, yeye alikuwa sokoni akibishana na mteja kuhusu kipimo. Jirani alikuwa amemletea mgonjwa uji, akauweka kando ya mkeka, akaenda zake. Drocella aliporudi aliukuta uji ule umefanya ngozi juu, haujaguswa. Hakuna aliyeketi akaonja.

Hilo hakumweleza mgeni kwa urefu. Alisema tu, "Mama aliniacha mapema," akapiga kikapu kwa kiganja.

Aliolewa na Gratien, dereva wa pikipiki mwenye maneno mengi, wakazaa binti, Hirwa. Kwa miaka mingi mambo yalikwenda: Gratien kwenye pikipiki yake, Drocella akivuka daraja asubuhi na sambaza, akirudi jioni na vitenge. Kisha Gratien akateleza kwenye mteremko wa Mibirizi siku ya mvua, mguu ukavunjika mara mbili. Wauguzi wa hospitali ya pale walimuunga vizuri, ila pikipiki iliuzwa ili aungwe. Hajatupa mkongojo, ugonjwa wa korona ukafunga daraja. Samaki wa Drocella waliharibika ndani ya magunia, na kibanda cha sokoni akakiacha kwa kukosa kodi. Walihamia chumba kimoja nyuma ya kinu cha unga, ambako hata chai ilikuwa na ladha ya mahindi.

"Hapo ndipo mume wangu alipoharibika," Drocella alisema.

"Pombe?"

"Simu! Muntu amelala na mguu juu ya mto, mchana kutwa anatazama simu. Nikamwambia, Papa Hirwa, hiyo simu itakulisha? Kumbe itatulisha wote."

Gratien alikuwa ameingia kwenye kundi la WhatsApp la watu waliokulia Kadutu na kutawanyika duniani: Liège, Montréal, Nairobi. Aliingia kwa jina la mkewe, kwa sababu yeye Kadutu aliijua kwa kupita tu. Siku moja mtu mmoja akaandika: nani yuko karibu na Bukavu amfikishie mama yangu mchele? Huyo alikuwa Dominique Buhendwa, aliyesoma darasa moja na Drocella, sasa anaendesha treni za mizigo Ubelgiji. Watu walikuwa wamezuiwa darajani lakini malori ya chakula yalipita, na Gratien alimjua kila dereva aliyewahi kukwaruzwa na pikipiki. Akajibu: sisi.

Wakaanza hivyo. Gratien alipiga picha za mchele wa Bugarama, sambaza waliokaangwa, unga wa uji, maharage, chai, vyote juu ya shuka la Hirwa lenye maua. Mtoto aliye ughaibuni akichagua na kulipa kwa simu, mama yake alipata chakula. Duka wakaliita Sahani ya Mama. Daraja lilipofunguliwa tena, wakaajiri pikipiki za upande wa pili. Drocella alijifunza kufunga: mifuko ya plastiki iliyochomwa mdomo kwa moto, karatasi yenye jina la duka, utepe mwekundu. Wateja waliona picha, wakasifu. Walitoka kwenye kile chumba, wakapanga nyumba yenye ua. Gratien akanunua kiti chenye magurudumu na kukizungusha uani akijiita mkurugenzi.

Kisha Jumapili moja Dominique alimpigia mama yake simu ya picha. Siku zote bibi huyo, ambaye mtaa mzima unamwita Koko Buhendwa, alijibu akiwa amekaa mlangoni. Siku hiyo mvua ilinyesha, akakaa ndani. Nyuma ya kichwa chake, juu ya kabati, Dominique aliona mifuko ya Sahani ya Mama imepangwa mpaka darini, kila mmoja na utepe wake mwekundu, hakuna hata mmoja uliofunguliwa. Na usoni mwa mama yake akaona mashavu yaliyoingia ndani.

Sauti yake ilifika kwenye kundi lote kabla Drocella hajanawa uso. "Maman Drocella, ni nini unamletea mama yangu mpaka anaogopa kufungua? Mliotuma kwa huyu mwanamke, waulizeni mama zenu!"

Wakawauliza. Na mama wengi, wakiulizwa kwa namna ile, walikiri kwamba kile chakula wao huwapa majirani, au mbuzi. Hakuna aliyesema kimeharibika. Walisema tu, hatujui kimeshikwa na nani. Kabla ya Jumatano wateja wakawa wamekatika kama umeme. Aliyekwisha kulipa alitaka fedha yake, na mwenye nyumba akaanza kumsalimia Gratien kwa jina lake kamili.

"Niliona haya, Papa," Drocella alisema ndani ya basi. "Mimi! Nimelelewa Kadutu, nimekula kwa kuonjewa tangu sina meno. Nikadhani plastiki iliyochomwa moto ndiyo uaminifu. Nikatuma chakula na pikipiki, dereva anakitupa mlangoni, anapiga honi, ameenda. Kama vile unarushia mbwa."

Wakati ule, mambo yalipomharibikia, alichukua kikapu cha mama yake, akavuka daraja, akapanda mpaka kwa Koko Buhendwa. Alimkuta mlangoni. Bibi alimtazama tangu viatu mpaka kilemba.

"Wewe ndiye Plastiki?"

"Ndiye mimi, Koko."

"Miezi yote hii unanitumia magari. Mimi nilikuwa nangoja muntu." Akasogea kidogo, akamwachia nafasi ya kupita. "Mtoto yangu anafurahi kutuma, basi nilimwambia nimekula. Ningemwambia nini? Kwamba anatuma mizigo isiyo na mdomo?"

Drocella aliteremsha mfuko mmoja kutoka kabatini, akaufungua mbele yake, akapika wali na sambaza kwenye jiko la makaa. Akapakua sahani moja. Akaketi sakafuni, akala tonge la kwanza, la pili na la tatu, akanywa maji katika kikombe cha bibi. Koko Buhendwa alimtazama koo. Kisha akanawa mikono, akala naye mpaka sahani ikawa nyeupe. Drocella alikuwa amesimamisha simu juu ya debe, nayo iliwanasa wote wawili wakiwa wameinamia sahani moja. Hakuweka maneno yoyote, akaituma picha ile kwa kundi.

Dominique hakuandika. Alituma sauti, na ndani yake hamkuwa na kitu isipokuwa mwanamume anayepumua kwa shida.

Tangu siku hiyo Sahani ya Mama haikutuma tena mfuko peke yake. Kila mtaa wa Bukavu ukawa na mwanamke wake wa kuonja, mtu anayejulikana, ambaye huingia na kusalimu kwa jina la mtoto aliyetuma, hupika, huonja, hula, kisha hutuma picha. Wateja waliotoroka wakarudi na shemeji zao. Kadutu aliwekwa Védastine, jirani wa Koko Buhendwa, mwanamke mpole mwenye mkono mzuri wa upishi. Koko alimkataa.

"Mimi nilianza na Drocella," alisema. "Sibadilishi mdomo kama viatu."

Kwa hiyo Drocella mwenyewe alivuka kwa ajili yake na kumwonjea vya wiki nzima, na picha ya Koko ya kila Jumapili ndiyo iliyotazamwa na kundi lote. Waliokuwa na mama walimtazama kama mama wa pili. Waliofiwa walimtazama zaidi.

Mwaka huu vita viliteremka tena mpaka Bukavu. Milio ilisikika ng'ambo ya maji, daraja likafungwa, mtandao wa simu ukafa, na Drocella alikuwa Kigali amevaa mushanana, anacheza ngoma za ndoa.

"Kama ameshinda njaa kwa sababu ya kinywa changu," alimwambia mgeni, "duka limekwisha. Nani atatuma tena? Lakini acha duka." Basi lilikuwa linaingia stendi ya Kamembe, na madereva wa pikipiki walikuwa wamekwisha kulizunguka.

Gratien alikuwepo, ameegemea mkongojo kwenye ukuta wa benki, kofia ya mkurugenzi kichwani.

"Maman Hirwa! Umeenda kumwoza mtoto wa dada yako, umerudi na mwanamume?"

"Ni mgeni. Hajui anakokwenda."

"Basi amefika. Bon, sikia: daraja wanafungua kesho asubuhi. Wenye karatasi ya jirani, kile kibali cha watu wa mpakani, wanavuka kwa miguu. Mchele nimeweka tayari, sambaza zimekaangwa."

"Na Koko?"

Gratien alivua kofia. "Bado haiiti."

Mgeni alipata chumba karibu na soko. Asubuhi alipoteremka mpakani, kwenye daraja la Rusizi II, naye alikuwa na nia ya kuvuka, aliukuta umati umejaa mpaka barabarani: wanawake wenye nyanya, wanawake wenye unga, wanaume wenye vitanda vichwani wakirudi kwao. Hapakuwa na kelele kama za siku za soko. Watu walikuwa wakitazama upande wa pili kama wanaosoma uso wa mgonjwa. Drocella alikuwa mbele, kikapu kichwani na kifuniko chake kirefu, na Gratien kando akiwatania askari kwa umbali wa heshima.

Mgeni alikaguliwa pasipoti yake iliyojaa mihuri ya nchi nyingi, akarudishiwa kwa upole. Hana viza ya upande ule, na siku kama ya leo hakuna wa kumpa.

"Papa umesafiri dunia yote," Drocella alimwambia, "umeshindwa na mto mdogo hivi."

Simu ya Drocella ikalia.

Aliitazama bila kuipokea. Gratien akaipokea kwa niaba yake, akaiweka kwenye spika, na sauti ya Védastine ikatoka ikikatika kwa mtandao mbovu.

"Drocella? Halo? Mtandao umerudi sasa hivi. Tuko bazima. Mtaa wetu haukuguswa."

"Koko?"

"Koko yako imenichosha! Nimempikia kila siku, nimekula mbele yake mpaka nimenenepa, hataki."

"Kwa hiyo anakula nini?" Drocella alipiga kelele, na umati wa karibu ukageuka.

"Ndizi! Ndizi na mayai ya kuchemsha. Anasema ndizi imefungwa na Mungu, yai limefungwa na kuku, hakuna mwanadamu ameingia mule. Nimenunua ndizi za mtaa mzima. Ngoja, ananinyang'anya simu."

Ikasikika mikwaruzo. Kisha sauti kavu, ya karibu sana:

"Plastiki. Uko wapi?"

"Niko darajani, Koko."

"Tumbo yangu imekuwa ya nyani. Unakuja leo au unakuja mwaka mwingine?"

Drocella alichuchumaa palepale barabarani, kikapu bado kiko wima kichwani, akaziba macho kwa kiganja, mabega yakacheka au yakalia. Mwanamke mwenye nyanya, ambaye hakumjua, akamshika kiwiko kumsaidia asiangushe mzigo. "Mama yako?" alimwuliza. "Ndiye," Drocella akajibu.

"Anakuja, Koko, anakuja," Gratien alisema kwenye simu. "Weka maji jikoni. Na zile maganda za ndizi zifiche, Dominique asizione."

Kizuizi kiliinuliwa na foleni ikaanza kusogea. Drocella alisimama, akakishusha kikapu, akafunua, akachota kiganja cha sambaza waliokaangwa na kuwafunga katika kipande cha jani la mgomba. Akampa mgeni. Mgeni aliwapokea kwa mikono miwili, hakula, akabaki akimtazama.

"Kumbe!" Gratien alipiga mkongojo chini. "Ameshakuwa muntu wa huku!"

Drocella aliwachukua samaki wawili palepale juu ya jani, akawatafuna na vichwa vyao, akameza wakimwona. Ndipo mgeni naye akala.

"Nitakaporudi jioni utaniambia kama chumvi inatosha," Drocella alisema. Akamrekebishia mumewe kofia, akapandisha kikapu, akaingia kwenye mkondo wa watu. Askari aliangalia karatasi yake, akaangalia kikapu, akamruhusu apite.

Katikati ya daraja maji yalisikika chini, ya kahawia na yenye haraka. Aligeuka mara moja, kwa kiwiliwili chote, maana mwenye kikapu kichwani hageuki shingo. Kwenye kizuizi waliobaki walikuwa wawili: mmoja na mkongojo, mwingine na begi, wamekaa juu ya jiwe, wanagombea sambaza. Wa begi alinyanyua mkono. Drocella hakuweza kupunga, alikuwa ameshika ukingo wa kikapu. Akageuka tena upande wa Bukavu, akakaza mwendo, maana kutoka pale mpaka Kadutu ni kupanda tupu, na jiko la Koko lilikuwa limekwisha kuwashwa.